Askari Arobaini wa Mtaa wa Pampu

Mambo haya yalitokea katika nchi ambayo si yetu. Asiyeamini afungue ramani aitafute. Asipoiona, ajue nasema kweli. Ilikuwa nchi yenye amani tele, na amani hiyo ililindwa usiku na mchana na watu wasiolala, hata wananchi nao wakapoteza usingizi.

Nchi hiyo ilikuwa na Sheria ya Ukuu wa Mambo Yote. Ilikataza neno moja tu, tena neno la kawaida, lile ambalo ni kinyume cha "kubwa". Sitaliandika hapa mpaka nilazimike, maana sijui kitabu hiki kitavuka mipaka mingapi. Mbunge aliyeleta hoja alisema kwamba nchi yenye Kiongozi mkuu haiwezi kuwa na kitu chochote chenye sifa ile, si kilima, si mkate, si sisimizi. Wenye midomo husema sheria ilitungwa wiki moja baada ya Mtukufu kupigwa picha kando ya mkewe. Uongo huo nimeusikia mara nne tu, na mara zote nne nilikataa kuuamini.

Watu walizoea. Mtu aliyekuwa na ndugu aliyezaliwa nyuma yake alimwita "mkubwa wangu wa pili". Karani aliyetaka usubiri dakika chache alikwambia "Subiri kikubwa", na kweli ulisubiri. Neno "fupi" lilikuwa bado mikononi mwa kamati, kwa hiyo watu walilitumia kwa tahadhari, wakitazama mlango.

Sasa katika mji mkuu, Mtaa wa Pampu, aliishi Mzee Sifaeli Mrindoko. Alikuwa fundi wa meno ya bandia katika hospitali ya serikali kwa miaka thelathini na moja, na alipostaafu mikono yake ilikataa kukaa bure. Akaanza kutengeneza askari. Aliwachonga kwa nta ya meno, akatengeneza kalibu kwa plasta ya meno, akamimina humo bati lililoyeyushwa kwenye sufuria ambayo mkewe anaitafuta mpaka leo. Kila askari alikuwa na urefu wa njiti ya kiberiti. Aliwapaka rangi kwa brashi ya nywele tatu za paka, vifungo vya koti kimoja kimoja, akishikilia pumzi.

Hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa mwoga, na sisemi hivyo kumtukana. Katika nchi ile woga ulikuwa elimu, na Sifaeli aliisoma mpaka darasa la mwisho.

Alikuwa na rafiki wa barua, dereva wa treni mstaafu aitwaye Joakim, katika nchi ya baridi huko mbali, naye akipenda mambo hayo hayo. Joakim alijenga ngome ya maboksi juu ya meza ya kulia chakula akampelekea picha. "Ngome bila askari ni banda la kuku," aliandika. Sifaeli akaahidi kumpelekea askari arobaini.

"Baba Elinami, kwa nini usimpelekee kahawa?" mkewe Naetwe alimuuliza asubuhi ya kwenda forodhani, akimfungia kisanduku kwa kamba.

"Kahawa nayo ina fomu."

"Ina fomu, lakini haina bunduki."

Sifaeli alicheka. Alicheka mpaka kona ya mtaa, kisha kicheko kikakauka chenyewe.

*

Fomu iliitwa Tamko la Kitokacho. Iliuliza kitokacho ni nini, kiko kingapi, na kina ukubwa gani. Kwenye ukubwa kulikuwa na vyumba vitatu vya kuweka alama: Mkubwa, Mkubwa Sana, na Mkubwa Kupindukia. Chini kabisa iliandikwa kwamba tamko la uongo ni kifungo cha miaka kumi na mitano.

Dirishani alikuwepo Bi Siwema, karani wa forodha, mama mwenye miwani na subira.

"Niandike vinyago?" Sifaeli aliuliza.

"Vinyago ni urithi wa taifa, baba. Havitoki."

"Mapambo?"

"Mapambo yanahitaji barua ya Wizara ya Urembo. Waziri yuko safarini, anakagua urembo wa wenzetu."

"Basi niandike midoli."

Bi Siwema alishusha miwani. "Una umri gani, baba yangu?"

"Sitini na sita."

"Midoli ni ya watoto. Mtu mzima akikutwa na midoli anapelekwa kupimwa akili. Nikupe fomu ya huko?"

"Hapana, mama. Hapana. Asante."

"Fungua kisanduku. Unaona nini humo?"

"Askari."

"Wangapi?"

"Arobaini."

"Basi andika unachokiona. Serikali haipendi mafumbo."

Ushauri ulikuwa wa mtu mwema, na Sifaeli aliufuata. Akaandika: askari, arobaini. Kwenye ukubwa akaweka alama penye Mkubwa, kwa kuwa ndicho chumba kilichokuwa karibu zaidi na ukweli. Bi Siwema akainua muhuri, akausoma mstari ule, na mkono wake ukabaki hewani.

"Baba," alisema taratibu, "hawa askari wakubwa arobaini wanatoka nchini kwa ruhusa ya nani?"

"Lakini mama, si umewaona?"

Aliwaona. Alikuwa na macho mazuri yule mama ndani ya miwani ile, na aliona kabisa kwamba wote arobaini wangeenea ndani ya mfuko wa aproni. Lakini juu ya kichwa chake palikuwa na bango la rangi ya kijani: FOMU IKIGOMBANA NA MACHO, MACHO NDIYO YENYE KOSA. Alimtazama Sifaeli kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomwogopesha mzee kuliko kitu chochote tangu aamke. Kisha akabonyeza kengele.

*

Mkuu wa Forodha, Bwana Kapilima, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya taarifa ya habari. Alisoma fomu akiwa amesimama. Akatazama ndani ya kisanduku. Akasoma fomu tena, safari hii akiwa ameketi.

"Ndugu mwananchi," alisema, "ofisi hii imesafirisha nje tembo, vichwa vya treni na hotuba. Tumesafirisha hata mto mmoja, kwa awamu. Haijawahi kusafirisha jeshi."

"Mheshimiwa, hili si jeshi. Ni bati."

"Umeandika bati?"

"Fomu haikuuliza, mheshimiwa."

"Fomu haikuuliza kwa sababu fomu haikutaka kujua." Kapilima alikohoa, akainamia kisanduku, akateremsha sauti. "Mimi mwenyewe naona kwamba hawa ni... kwamba kwa umbo wao hawa ni..." Akatazama mlango. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Naona kwamba ni askari," alimaliza kwa haraka, akafunga kifuniko kama mtu aliyeona nyoka ndani.

Hapo Sifaeli alielewa. Hakuna aliyedanganyika pale. Wote waliona. Kila mmoja angeweza kumwokoa kwa neno moja, na kila mmoja alikuwa na watoto nyumbani. 

Kapilima akapiga simu Ulinzi.

*

Kanali Ngalaba aliingia na vijana wanne wenye silaha. Alikisogelea kisanduku, akasimama wima na kukipigia saluti, kwa kuwa kanuni zinasema jeshi hupigiwa saluti kabla ya kukamatwa. Kisha akaketi na kufungua daftari.

"Kamanda wao ni nani?"

"Hawana kamanda, afande."

"Jeshi lisilo na kamanda ni genge." Akaandika. "Nani aliyewapa mafunzo?"

"Hawajui chochote, afande. Hata kutembea hawatembei."

"Wamegoma?"

Akaandika na hilo. 

Kanali akachukua askari mmoja kwa vidole viwili, akamgeuza juu chini. Akakodoa macho. Kwenye kitako, mahali ambapo Sifaeli alizoea kuandika kwa ncha ya sindano, palikuwa na jina.

"Naetwe," alisoma. "Huyu Naetwe ni nani?"

Nawaambia, damu ya Sifaeli ilisimama. Hakuwa amelifikiria jambo hilo hata mara moja. Ilikuwa tabia yake tu: hakuweza kuchora uso asioujua, kwa hiyo kila askari alipewa uso wa mtu wa mtaani, na jina likaandikwa chini ili asichanganye. Alikuwa akiwachora usiku wa kuamkia Jumapili akijichekea peke yake, huyu pua yake, yule masharubu yake.

"Ni mke wangu, afande. Ni mchezo tu."

Kanali aligeuza wa pili, wa tatu, wa kumi. Mchomvu, fundi baiskeli. Bi Kurwa, muuza maandazi. Mwalimu Ngolo. Mapacha wa kinyozi. Wote arobaini walikuwa na majina, na wote walikuwa wa Mtaa wa Pampu. Uso wa Kanali ukawa na furaha ya mtu aliyepata ufunguo alioutafuta mwaka mzima.

"Arobaini wenye majina, sare na silaha, katika mtaa mmoja," alisema. "Na sisi tulikuwa tunatafuta maadui mpakani! Kijana, chukua gari la vipaza sauti. Nenda huko, soma majina haya kwa sauti, uone kama watu hao wapo. Usimkamate mtu. Tunahakiki tu."

Gari likaondoka. Sifaeli alijua maana ya kuhakiki. Mjomba wake alihakikiwa mwaka wa mafuriko, na mke wa mjomba huyo bado anaweka sahani ya mumewe mezani.

Kanali akamwekea karatasi mbili.

"Sikiliza, mzee, mimi si mtu mbaya. Karatasi ya kwanza: unakiri kwamba fomu yako ni kweli tupu, hawa ni askari kamili, wewe ndiye uliyetufumbulia siri. Unarudi nyumbani leo hii, na sisi tunawachukua hao arobaini. Karatasi ya pili: unakiri kwamba fomu ni uongo. Majirani zako hawana kesi. Ila hapa chini lazima ueleze kwa maneno yako fomu ilisema nini na ukweli ni nini." Alitabasamu. "Tangu sheria ipite, hakuna mtu aliyewahi kuijaza ya pili."

Ni kweli hakuna. Ungeelezaje ukweli bila neno lile? Na adhabu ya neno lile haikuandikwa popote, maana kuandika adhabu kungelazimu kulitaja kosa. Watu walijua tu kwamba waliolitamka hawakuonekana tena, na kwamba majina yao yalifutwa hata kwenye madaftari ya kanisani.

Nisimsingizie ushujaa. Sifaeli alivuta karatasi ya kwanza. Aliogopa kwa mwili mzima, aliogopa mpaka masikio yakamlia, na kalamu ikaandika herufi tatu za jina lake bila kumuuliza. Aliwaza kwamba labda wangewaweka vizuri. Labda Naetwe angeomba msamaha. Akainua macho atafute mahali pa kuyaweka, yakaangukia kwenye yule askari aliyelazwa juu ya daftari la Kanali. Alimchora Naetwe siku aliyokuwa amekasirika, siku ya plasta kumwagika kwenye unga, na chini ya ile kofia ya chuma macho yake yalikuwa yamekaza vilevile. Mwanamke yule alikuwa amemkasirikia miaka arobaini na hajamwacha hata siku moja.

Akaiweka ile karatasi kando. Akaivuta ya pili. Nami sasa nimelazimika, kwa hiyo naliandika. Aliandika hivi:

"Fomu ilisema ni askari wakubwa. Ukweli ni kwamba ni wadogo. Ni wadogo sana. Mkubwa wao hazidi njiti ya kiberiti, wala hakuna mtu ndani yao."

*

Kanali aliisoma. Akafumba macho, akayafumbua, maneno yakawa bado yapo.

"Ngalaba," alinong'ona Kapilima, "ameandika nini?"

"Soma mwenyewe."

"Sina miwani."

"Unayo usoni."

Kapilima akaivua, akaiweka mfukoni.

Nawaachia mpime wenyewe ugumu wa serikali ile. Ili kumshitaki Sifaeli, hati ya mashitaka ilipaswa kunukuu kosa. Mpiga chapa alipoonyeshwa karatasi aliomba likizo ya uzazi, naye alikuwa mwanamume. Ili kumfikisha mbele ya hakimu, mtu angelazimika kusoma ushahidi kwa sauti. Ili kumpeleka asikoonekana, ingebidi Mtukufu aarifiwe ni kwa nini, na hapo wote walitazamana, kila mmoja akimtakia mwenzake heshima ya kwenda. Waliwaza kuichoma karatasi. Lakini kuchoma waraka kulihitaji fomu, na fomu iliuliza waraka unasema nini.

"Bwana Kapilima," alisema Kanali hatimaye, "leo ofisi yako imepokea mtu?"

"Siku yote hapakuwa na mtu."

"Nami sikufika hapa." Akamgeukia Sifaeli, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikosa chuma. "Chukua kisanduku chako. Chukua na karatasi yako, iondoe humu ndani. Wewe hukuja, wao hawana kesi, na mimi simjui Naetwe. Nenda, mzee, kabla sijaanza kukuona."

Mlangoni Bi Siwema alimsogezea mlango kwa mguu, bila kumtazama.

Sifaeli alitembea mpaka kona, kisha akakimbia. Miaka sitini na sita ikakimbia naye. Alikuwa bado anaogopa, lakini ndani ya woga kulikuwa na kitu kingine kilichomfanya atake kucheka na kulia. Amewaokoa. Yeye, Sifaeli wa meno ya bandia, ambaye hakuwahi kumjibu hata mwenye nyumba! Angemkuta Naetwe jikoni, angemwambia yote, naye angemgombeza kwanza ndipo amshike mkono.

Mtaa wa Pampu ulikuwa kimya. Karai la Bi Kurwa lilikuwa bado na mafuta ya moto na maandazi yakiungua pasipo mtu. Baiskeli ililala kichwa chini mbele ya banda la Mchomvu, gurudumu moja halijafungwa. Nyumbani kwa Sifaeli mlango ulikuwa wazi. Aliita mara tatu.

Mtu pekee aliyebaki alikuwa Bi Ndekwa, mzee aliyepooza miguu, ameketi kibarazani kwake, uso umefura kwa kilio.

"Wewe Sifaeli," alisema, "nimekukosea nini?"

"Bibi, watu wako wapi? Nani amewachukua?"

"Nani awachukue? Gari lilikuja, likasoma majina, likaondoka. Naetwe akasema ni majina ya wale askari wako. Watu wakatazamana. Mwalimu Ngolo akasema kungoja kuitwa ni kiburi. Basi wakavaa walichokuwa nacho, wakaenda wenyewe uwanja wa mpira kujiandikisha. Wote arobaini! Mimi nilisikiliza mpaka mwisho, jina langu halimo. Kwa nini hukunichora? Wakija kuniuliza kwa nini mtaa mzima uliitwa nikaachwa mimi, nitasema nini?"

 Sifaeli alikimbia tena, kisanduku kikigonga mbavu.

Walikuwa wamejipanga kwenye nyasi, mistari minne ya watu kumi, jua la saa nane utosini. Mchomvu alikuwa na spana begani mahali pa bunduki. Bi Kurwa alivaa sufuria kichwani. Naetwe alikuwa mstari wa mbele, koti la marehemu baba yake limefungwa vifungo vyote, macho mbele.

"Naetwe! Mama Elinami!" Sifaeli alihema. "Mko huru! Hamna kesi! Nimeandika!"

Hakuna aliyegeuza shingo.

"Nyamaza, Mzee Sifaeli," Mchomvu alisema akiwa amebana meno. "Utatuponza."

"Wamenirudishia kila kitu, tazameni!" Akainua kisanduku. "Hakuna mtu aliyewaita!"

"Ndiyo maana tumekuja," alisema Naetwe bila kusogeza midomo. "Baba Elinami, punguza sauti. Tumewahi. Sajini anasema wanaowahi ni wazalendo."

Sifaeli akatoa karatasi, akamsogezea machoni asome mwenyewe. Naetwe aliona neno moja tu. Alifumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayepakwa dawa, na machozi yakapita katikati ya kope.

"Ulikuwa unatupenda sana," alinong'ona. "Ifiche. Tafadhali, mume wangu, ifiche."

Sajini alikuwa amegeuka kule mwisho wa mstari. Hakuwa ametegemea jeshi siku hiyo. Alikuja uwanjani kukagua nyasi, na sasa alikuwa akihesabu watu kwa furaha ya mtu aliyezawadiwa ng'ombe.

"Nani yule aliye nje ya mstari?" alipaza sauti.

Watu arobaini walitazama mbele. Sifaeli akageuka nyuma kuona kama yupo mwingine anayeulizwa. Uwanja ulikuwa mtupu mpaka golini, na buti za Sajini zilikuwa zinakaribia. Akakiweka kisanduku chini ya koti lake. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia kinywani, akajisogeza kati ya mkewe na Mchomvu, akakaza magoti.

Sajini alipita akihesabu kwa kidole, akafika kwao, akasimama, akahesabu upya.

"Arobaini na mmoja," alisema kwa furaha, na Sifaeli alikuwa bado anatafuna.